Mama ana presha na sukari, gego linataka kung'olewa: nitajuaje kliniki iko tayari kwa dharura?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Ujiji, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo dokta. Mama yangu ana miaka 63, ana presha na sukari, gego la chini limeoza na sasa wiki ya pili halali. Kuna kliniki ya meno jirani na kwetu, bei yao siyo kubwa, ila mwaka jana jirani yetu mmoja alizimia palepale kwenye kiti baada ya sindano, wakaanza kukimbizana, huyu anamwagia maji yule anamwinua akae, mwisho akazinduka mwenyewe. Sasa mama anaogopa na mimi naogopa. Hivi nyie wa meno mnafundishwa mambo ya dharura au mnajua meno tu? Nimpeleke hapo hapo au nimpandishe Maweni, hospitali ya rufaa?"

Marahaba dada, na mama mpe pole sana.

La kwanza nalijibu haraka: tunafundishwa. Daktari wa meno anakaa Muhimbili miaka mitano halafu mwaka wa intani, na humo ndani anasoma moyo, mapafu, dawa, anapita wodini, anafundishwa kubonyeza kifua na kufungua njia ya hewa. Matabibu wa meno, ambao ukienda wilayani ndio unakutana nao zaidi, nao wanapitishwa humo. Ila kufundishwa na kuwa tayari ni mambo mawili, na hapa nasema wazi hata kama wenzangu watanuna: kuna mtu alibonyeza kifua cha sanamu siku ya mtihani, toka siku hiyo hajagusa tena, mgonjwa akikata fahamu mbele yake mikono ya daktari ndiyo inatetemeka kuliko ya mgonjwa. Uingereza hilo waliliona, wa meno kule anashauriwa kurudia angalau masaa mawili ya mafunzo ya dharura kila mwaka, na wakati mgonjwa anatibiwa wawepo watu wasiopungua wawili wanaoweza kumhudumia likitokea la kutokea. Huku kwetu kuna kliniki zinafanya mazoezi hayo kwa hiari yao na kuna nyingine ukiuliza lini mara ya mwisho mlifanya wanaangaliana.

Sasa huyo jirani yenu. Kwa ulivyosimulia, alizimia kwa woga, na hiyo ndiyo dharura inayoongoza kwenye viti vyetu dunia nzima. Kule Marekani daktari wa meno Stanley Malamed alikusanya taarifa za madaktari wa meno zaidi ya 4,000 akazitoa 1993, walikuwa wamekutana na dharura zaidi ya 30,000 ndani ya miaka kumi, na karibu nusu ilikuwa kuzimia kwa kawaida tu. Inavyotokea ni hivi, mtu kaja hajala, hajalala, anaogopa sindano, kakaa wima kwenye kiti, mwili unashtuka, mishipa inalegea, mapigo ya moyo yanapungua, damu inashuka miguuni na ubongo unakosa, basi anaanza kuhema, jasho jembamba, midomo inapauka, anasema "dokta naona giza" kisha hayupo. Dawa yake ni kulaza kiti mpaka kichwa kiwe sawa na moyo au chini kidogo, kunyanyua miguu, kulegeza nguo shingoni, kutoa kila kitu mdomoni, pamba, vifaa, meno ya bandia. Ndani ya dakika moja mbili anarudi. Maji hayasaidii chochote, na kumwinua akae ndiyo kosa kubwa kuliko yote waliyofanya pale maana unazidi kuunyima ubongo ile damu kidogo iliyokuwa inafika, mtu wa kuzimia dakika moja anaweza kwenda mpaka degedege kwa sababu tu kuna msamaria mwema kamshika mabega kamkalisha. Kama ni mama mjamzito mimba imekua, mlaze kiubavu cha kushoto, chali hapana, tumbo linakandamiza mshipa mkubwa.

Kwa hiyo waliopanik siku ile walikuwa hawajajiandaa hata kwa kile kitu rahisi kuliko vyote. Usiipuuze hiyo.

Ila mama yako siyo yule jirani. Kinachonitia wasiwasi kwake ni sukari, tena sukari ya kushuka, hiyo ya kupanda ina muda wake. Fikiria asubuhi yenyewe: jino linauma hajala vizuri toka jana, kaamka saa kumi na mbili kameza dawa zake za sukari kama kawaida maana hataki kukosea, akasema chai nitakunywa nikirudi, akapanda bajaji, akakaa foleni mpaka saa tano. Akifika kwenye kiti anatetemeka, anatoka jasho, anajibu mambo yasiyoeleweka au anakuwa mkali ghafla, na kila mtu pale anasema bi mkubwa anaogopa sindano. Haogopi, sukari iko chini ya 4 (milimoli kwa lita, ile namba ya kwenye kipimo) na inaendelea kushuka. Kama anatumia metformini peke yake hatari ni ndogo, lakini glibenklamaidi au insulini ukimeza au ukichoma bila kula inakuangusha kweli. Akiwa bado ana fahamu na anaweza kumeza ni vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida, ile isiyo na sukari haifai kabisa hapa, unasubiri dakika kumi na tano unapima tena. Akishapoteza fahamu usimwekee kitu chochote mdomoni, hapo ni dekstrosi, yaani maji ya sukari ya kuweka kwenye mshipa, na kliniki ambayo haina hata chupa moja ya dekstrosi na mtu wa kuweka kanyula, kile kibomba cha mshipani, basi isimguse mgonjwa wa sukari.

Ndiyo maana huwa nasema maandalizi yanaanza kabla ya sindano kwa maana halisi kabisa. Ukiingia na mama kliniki yoyote, iwe ya mtaani iwe hospitali, angalia kitu kimoja tu kwanza: wanamuuliza? Unaumwa nini kingine, unatumia dawa gani, umekula saa ngapi, umekunywa dawa leo, uliwahi kung'oa ikawaje, kuna dawa inakudhuru, ulishawahi kulazwa, kifua kinabana ukipanda mlima. Halafu wanapima presha na sukari palepale, wanaandika. Hii inachukua dakika tano, mashine ya presha na kipimo cha sukari siyo vitu vya kutisha bei. Kliniki inayokupitisha toka mapokezi moja kwa moja hadi kwenye kiti, fungua mdomo, lipi linauma, sindano, mimi nisingemkalisha mama yangu pale hata wawe na mitungi kumi ya oksijeni nyuma ya pazia. Dharura nyingi za meno zilijitangaza mapema, ila hakuna aliyeuliza.

Presha nayo watu wanaielewa vibaya. Wengi wanaacha dawa siku ya kung'oa eti zisigongane na ganzi, hapana, ameze kama kawaida. Mimi nikikuta 180 kwa 110 au zaidi sing'oi siku hiyo, namwacha akae atulie, narudia kipimo, ikigoma anaenda kwa daktari wa presha kwanza. Na ile hofu kwamba ganzi yenye adrenalini, dawa inayobana mishipa na kuchangamsha moyo, inaua mwenye presha, kidogo kidogo na taratibu haina shida, naweka kateriji (kichupa kidogo cha ganzi) moja au mbili, na kabla ya kusukuma navuta bomba kwanza nione kama damu inaingia ili nisimwage dawa kwenye mshipa. Ukweli ni kwamba jino likiuma kwa sababu ganzi ilikuwa haba, mwili wenyewe unamwaga adrenalini kuliko yangu. Kama anatumia propranololi, dawa ya presha na moyo, nataka nijue mapema maana haielewani na hiyo adrenalini. Kama anakunywa aspirini ya moyo asiiache, kutoka damu kwa jino moja tunaidhibiti. Warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni habari nyingine, hapo nataka kipimo cha INR kwanza, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, na hiyo siyo kazi ya mtaani.

Sasa sanduku lenyewe. Siyo kubwa. Oksijeni na barakoa yake, ambu begi ya kumsaidia asiyepumua, adrenalini ya ampuli, glukosi na dekstrosi, pampu ya salbutamoli kwa mwenye pumu na aspirini ya kutafuna, dawa ya kuweka chini ya ulimi kwa mwenye kifua cha moyo, diazepamu kwa degedege isiyokoma. Mtungi wa oksijeni naupenda kuliko ile mashine ya umeme kwa sababu umeme ukikatika katikati ya shughuli mashine inakuwa meza. Ila usiulize "mna sanduku la dharura?" kila mtu atakujibu lipo. Uliza "liko wapi?" uone anayejibu anaangalia upande gani. Nimeshaona sanduku zuri kabisa limefungiwa kabatini na ufunguo anao bosi ambaye yuko safari Kasulu, na nimeshaona adrenalini iliyopitwa na muda mpaka imebadilika rangi kuwa ya chai.

Hapo kwenye adrenalini nikae kidogo kwa sababu hata wenzangu wanajidanganya. Utasikia mtu anasema mimi sihitaji ampuli, adrenalini ninayo kwenye ganzi. Haya tupige hesabu. Ganzi yetu ya kawaida ni lignokeini asilimia 2 yenye adrenalini 1 kwa 80,000. Kateriji ya mililita 1.8 ina adrenalini maikrogramu 22 na nusu. Mtu mzima aliyepata mzio mkali, amevimba uso, vipele mwili mzima, pumzi inapiga filimbi, presha inaanguka, anahitaji maikrogramu 500 kwenye msuli wa paja, ambayo ni nusu mililita ya ampuli ya 1 kwa 1,000, na dakika tano zikipita hajapata nafuu unarudia. Ili uipate hiyo 500 kwenye ganzi utahitaji kateriji zaidi ya 20, na ndani yake kuna lignokeini miligramu zaidi ya 790 wakati kikomo cha mtu mzima ni 500, yani umemtoa kwenye mzio umempeleka kwenye sumu ya ganzi. Ampuli moja ya adrenalini haina mbadala. Na wale wanaokimbilia dawa nyingine za mzio, haidrokotisoni na piriton, kwanza, hizo zinachelewa, zije baadaye, mtu anafunga koo sasa hivi. Kwa taarifa yako mzio wa ganzi ya lignokeini yenyewe ni nadra mno, penisilini tunayompa mgonjwa akanywee nyumbani ndiyo inaleta visa zaidi, kwa hiyo kama mama aliwahi kuvimba au kutoka vipele kwa amoksilini sema kabla hajauliza mtu.

Pumu nitapita haraka: mwenye pumu aje na pampu yake mkononi, akibanwa anakalishwa wima halazwi, na wengine diklofenaki au aspirini zinawaamshia pumu kwa hiyo amwambie daktari. Kifafa: ondoa vifaa, mlinde asianguke, mgeuze ubavu, usiingize kijiko mdomoni jamani, kijiko kinavunja meno yaliyobaki, ikipita dakika tano ni dawa. Jino likiteleza likaenda kooni akashindwa kukohoa, ni mapigo matano mgongoni kati ya mabega kisha kuminya tumbo mara tano kwa nyuma, mnabadilishana. Moyo ukisimama ni kubonyeza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, kwa nguvu, sentimita tano kwenda chini, na juu ya kiti cha meno kinachonesa wekeni kigoda chini ya mgongo wa kiti au mshusheni sakafuni kama mpo wa kutosha.

Kitu ambacho hakiandikwi sana kwenye vitabu vya Ulaya ni gari. Kule daktari anapiga simu, dakika chache ambulensi mlangoni, kwa hiyo kazi yake ni kumshikilia mgonjwa mpaka wafike. Sisi wa Kigoma, uko Ujiji, uko Kibirizi, uko Gungu, gari unaitafuta wewe. Mtu aliyepoteza fahamu huwezi kumpakia mshikaki kwenye bodaboda, shingo inalegea njia ya hewa inaziba, bajaji ni afadhali kidogo ila atakaa amekunjika. Kliniki iliyojiandaa ina namba ya dereva wa gari dogo imebandikwa ukutani, na dereva anajua kwamba akipigiwa na hawa hakuna kupatana bei. Ina namba ya mapokezi ya dharura ya hospitali wanakopeleka ili mgonjwa akifika asianze na kufungua faili. Na kila mtu ana kazi yake: daktari kichwani, msaidizi anabeba oksijeni na sanduku, wa mapokezi anapiga simu na kuwatoa ndugu nje, huyo huyo anaangalia saa na kuandika. Ukitaka kupima kliniki muulize dada wa mapokezi, siyo daktari, "mgonjwa akizidiwa wewe unafanya nini?" Akikujibu bila kufikiri hao wamefanya mazoezi. Akicheka akakuambia "hapa hajawahi kuzidiwa mtu" basi unajua.

Leseni nayo. Daktari wa meno anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, omba kuona, siyo ukorofi. Mafundi wanaong'oa chumbani kwa koleo la kuchemsha, na wale wanaowakwangua watoto fizi eti wanatoa meno ya plastiki kumaliza homa na kuharisha, hao siwajadili kabisa hapa, wale ndio wanaotuletea dharura.

Sasa gego la mama. Kabla hujaamua wapi, nenda kamwangalie vizuri na tochi ya simu. Je shavu au chini ya taya kumevimba? Uvimbe ni mgumu kama ubao, uko pande zote mbili chini ya kidevu? Ulimi umenyanyuka juu, sauti imebadilika kama mtu ana kiazi cha moto mdomoni, mate yanamtoka hawezi kumeza, mdomo haufunguki, homa? Kama kuna hata dalili mbili kati ya hizo, acha kusoma hapa, mpeleke Maweni leo leo hata kama ni usiku, akiwa amekaa siyo amelazwa. Usaha wa magego ya chini unashuka chini ya ulimi na shingoni, unaziba koo, na kwa mwenye sukari unakimbia kuliko kwa mtu mwingine. Hiyo ndiyo dharura ya meno inayoua watu huku kwetu kuliko sindano, na inawaua kwa sababu wamekaa nyumbani wiki tatu na karafuu, chumvi na antibaotiki za duka la dawa za kumeza mbili mbili.

Kama hakuna uvimbe, ni jino kuoza na kuuma tu, basi linaweza kutolewa nje ya hospitali ya rufaa, ila kwa mama mimi ningeangalia namba. Presha iwe chini ya hiyo 180 kwa 110, sukari iwe juu ya 4 na isizidi kama 15, awe anafuatilia kliniki yake ya sukari siku zote, na hiyo kliniki ya jirani ipite kwenye maswali niliyokupa hapo juu. Usiende siku ya kung'oa ndiyo uulize, nenda siku moja kabla peke yako, dakika kumi zinatosha. Wakishindwa, au namba zikigoma, Maweni, kwa sababu pale kuna wa meno, kuna daktari wa magonjwa ya ndani na kuna maabara ndani ya geti moja. Bei nafuu ya mtaani nakuelewa, maisha magumu, lakini tofauti hiyo inaliwa yote na nauli ya gari la kukodi mara moja tu likitokea jambo.

Mwombeeni nafasi ya asubuhi. Ale kabisa, ugali au chapati na chai, siyo kuonja, na dawa zake zote ameze kama kawaida, kisha afike kati ya saa mbili na saa nne. Kama yuko kwenye funga, na najua bi mkubwa wa Ujiji kumwambia afungue ni kazi, ongea na daktari wake wa sukari na sheikh wake, ila mimi mwenye sukari aliyefunga simng'oi mchana kama jino linaweza kusubiri. Wewe uingie naye ndani, usibaki nje na simu. Akimaliza akae pale nusu saa akiwa anang'ata pamba, asinyanyuke kwenye kiti ghafla, akae kwanza kitako miguu chini, ndipo asimame, dawa za presha zinawaangusha wazee wakisimama haraka na watu wanadhani ni ganzi. Na kabla hamjaondoka chukua namba ya daktari mwenyewe, damu ikigoma kukata saa nne usiku unataka kuongea na mtu, siyo na mlango uliofungwa.

Kesho asubuhi kabla hajanywa chai mpime sukari, presha mpime akiwa ametulia dakika tano, niandikie hizo namba mbili hapa. Na dawa zake zote zipige picha pakti kwa pakti, hata zile anazosema ni za kawaida tu.